Kitanda Kilichonyooka Mno

Mlezi wa bweni la wasichana pale chuoni walimwita Mama Shuka. Kila Ijumaa asubuhi alipita kitanda kwa kitanda, na kilichotandikwa vizuri kuliko vyote akakifunga utepe mwekundu. Alikuwa mkali. Mto ukikaa upande, mwenyewe alikabidhiwa ufagio wa korido.

Mwaka uliopita utepe ulikaa kwenye kitanda kimoja muhula mzima. Mama Shuka akamsifu yule binti mbele ya wenzake, awe mfano. Kumbe binti alikuwa halali. Alikuwa akikesha bafuni, na alfajiri moja alitoka, akarudishwa kwao ndani ya jeneza. Tangu hapo mlezi akiona shuka lisilo na mkunjo, mwili humsisimka, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

Ijumaa hii mwili ulimsisimka mbele ya kitanda cha binti wa mwaka wa pili, aliyekuwa akifeli mtihani baada ya mtihani.

"Mfungie tu utepe, Mama," msichana wa kitanda cha jirani akatania. "Huyu kazaliwa na pasi mkononi!"

Wakacheka. Mama Shuka akaingiza mkono chini ya blanketi. Baridi tupu. Akawatoa wengine wote nje.

"Mwanangu, unalala wapi?"

"Hapa hapa, Mama."

"Usinidanganye. Nimezeekea kwenye vitanda vyenu."

Binti akainamisha kichwa. "Silali. Nikifumba macho moyo unakwenda mbio. Nangoja tu kuche."

"Twende kwa mshauri nasaha."

"Mama! Mlango wake unatazamana na kantini. Hata chai haijapoa nimeshaitwa kichaa."

"Waache waite, midomo ni yao. Mficha maradhi..." akaanza, akaiacha nusu ya pili ya methali, ile yenye kifo. Akamshika mkono.

Unadhifu ni jambo jema, lakini ni dhambi kumsifu mtu shuka lake bila kumuuliza usingizi wake.

Wakapita mbele ya kantini. Shingo zikageuka, Mama Shuka akazikazia macho mpaka zikarudi kwenye vikombe. Mlangoni binti akasita.

"Yule dada wa mwaka jana, naye ulimleta hapa?"

Mama Shuka alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana. Hakuna aliyemleta."

Binti akamtazama usoni. "Basi usiondoke," akasema, akabisha hodi mwenyewe.

Benchi la nje lilikuwa tupu. Hata hivyo Mama Shuka alikaa ukingoni kabisa, kama anayemwachia nafasi binti mwingine.