Sifa za Dukani

"Hivi Fundi, huyo mtoto unayehangaika naye kliniki kila Alhamisi, anaumwa wapi?"

Jirani muuza mkaa aliuliza hayo akiwa mlangoni, na mtoto mwenyewe alikuwa juu ya kabati la vitambaa akimrushia vifungo. Kimoja kilimpata kwenye paji la uso. Fundi cherehani, mama ambaye mdomo wake umezoea kubana pini kuliko kubishana, alimtazama binti yake, kisha akamtazama jirani.

"Haumwi popote."

"Basi!" alisema jirani, akijipapasa paji la uso. "Mtoto mzima kabisa."

Mzima kabisa, Mungu ashukuriwe. Shuleni alikuwa amepindua meza ya mwalimu na kumuuma mwenzake mkono, na mwalimu mkuu alishasema: likitokea jingine, mama aje amchukue jumla. Ndipo Fundi alipoanza kwenda kliniki, afundishwe namna ya kumtuliza mtoto.

Bingwa wa hesabu katika ukoo alikuwa wifi yake Fundi. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kupiga hesabu ambayo hakuna aliyemwomba. Alhamisi alasiri duka linafungwa. Maharusi wanaokuja kujaribu magauni wanakutana na kufuli. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi.

"Na kubwa kuliko," alisema, "anayevunja ni mtoto, anayefundishwa ni mama! Wifi yangu, mbuzi ale mahindi, sindano achomwe mwenye shamba?"

Hesabu safi kabisa. Ilisahau vitu vidogo tu: kioo cha dirisha la muuza mkaa, gauni lililokatwa mkono mmoja kwa mkasi siku ya kuamkia harusi, wateja waliohamia kwa fundi mwingine, na mama aliyekuwa akijifungia chooni alie kidogo ndipo arudi kwenye cherehani. Hivyo havikuingia. Bila shaka vilikuwa vya bure.

Mshauri wa kliniki, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, alikuwa amempa Fundi kazi ya nyumbani: kila siku akae sakafuni na binti yake, wacheze anachotaka mtoto, asiamrishe wala asigombe, na akiona jema amsifu. Fundi alifurahi. Kusifu! Si ndiyo kazi yake? Miaka yote anawasifu wateja mbele ya kioo, hata gauni likiwabana hadi pumzi itoke kwa kuomba ruhusa. Mungu amsamehe.

Jioni hiyo mtoto alipanga vifungo sakafuni. Fundi akapiga makofi. "Jamani, jamani! Umetia fora! Leo hakuna kama wewe!"

Alisahau kwamba binti huyo amekulia chini ya meza ya cherehani. Sauti hiyo aliijua, na aliijua pia ile nyingine, ya ukweli, inayotoka mteja akishavuka kizingiti kwenda zake. Akapiga teke kopo la vifungo, vikakimbilia barabarani.

"Usiniongeleshe kama mteja!"

Wifi alipohadithiwa alicheka hadi akashika mbavu. "Hayo ndiyo matunda ya masomo?"

Alhamisi iliyofuata Fundi alisimulia mkasa huo kwa aibu. Mshauri alijitahidi asicheke, akashindwa. "Mama, usiongeze chumvi. Sema ulichokiona, basi."

Kwa hiyo akasema alichokiona. "Vyeusi umevitenga na vyeupe." "Mkasi umenipa upande wa mpini." Mtoto aliinua macho, akasubiri makofi. Hayakuja. Akaendelea kutenga vifungo. Usidhani alishuka malaika. Wiki ileile sahani ilipigwa ukutani. Lakini shuleni meza ya mwalimu ilibaki imesimama kwa miguu yake.

"Sasa si amepona?" alisema wifi, na Alhamisi mchana akamleta bibi harusi, tena kwa makusudi. "Leo huendi popote, wifi. Kazi hii hapa."

Chini ya meza, mkono wa mtoto ulisimama ndani ya kopo la vifungo. Fundi alimtazama bibi harusi kwenye kioo. Maneno matamu yalikuwa tayari ulimini. Akayameza.

"Kiunoni panakubana," alisema. "Nitapalegeza kesho."

Bibi harusi akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu aingie. Fundi akatoa pini mdomoni, akachukua mkoba wake, akamwekea wifi funguo mkononi.

"Wifi, naomba unishikie duka Alhamisi mpaka nimalize masomo yangu."