Boriti za Mwanawetu

Kisiwa alikozaliwa Mwanawetu, ng'ambo ya Kiongoroni, kina misitu mitatu, na yote aliijua kwa nyayo. Ukingoni, panapopigwa na maji ya bahari, ni mkoko: mti mwekundu, mgumu, ambao boriti yake humzika aliyeijengea. Nyuma yake, kwenye tope lililokakamaa, ni mchu: mti mweupe, unaofaa kuni na kuchomea chokaa, lakini ukiuweka darini bungua, mdudu mla mbao, huugeuza unga. Katikati, juu ya mchanga mkavu, ni mikongo na mikwaju iliyofungamana, na chini yake makaburi.

Mumewe, Kondo, yumo humo mwaka wa sita sasa. Alikuwa akimkatia mkoko Tamimu, mfanyabiashara wa Kibiti. Siku moja ya maji makuu ya bamvua gogo lilimbana mguu, maji yakijaa. Tamimu alikuwepo. Alipakia kwanza boriti zake, akaondoka na mashua, akaahidi kurudi. Alirudi maji yalipokwisha kupwa.

Mwanawetu hakumlilia mtu. Alichukua shoka la marehemu, akaendelea kukata boriti.

Miaka mitatu iliyopita Tamimu akamfuata, tumbo mbele.

"Shemeji, najenga. Nataka paa la boriti kama la babu yangu. Mkoko mtupu. Nani anaujua kukushinda?"

"Hakuna."

"Hutaniuzia mchu?"

"Wewe umekaa na boriti miaka yote, shemeji. Utashindwa kuujua mchu?"

Tamimu akacheka. Alizijua boriti kwa kuzihesabu. Msituni alikuwa hashuki mashuani.

Miezi miwili Mwanawetu alizunguka kwenye mchu akitafuta iliyonyooka, kwa kuwa mti ule hupenda kupinda. Akaimenya. Akachemsha maganda ya mkandaa mpaka maji yakawa kama damu iliyokaa, akailoweka siku saba mpaka ikawa nyekundu kama mkoko, akaianika kivulini. Kila alipogeuza boriti alilitaja jina la Kondo, taratibu, kama mtu anayevuta uradi.

Nyumba ikaisha. Zikapita masika mbili, Tamimu akasoma maulidi ya kuhamia, maana alikuwa amengoja rangi na marumaru. Mwanawetu akaalikwa, akakaa na wanawake. Vumbi jembamba likadondoka kwenye sinia la pilau.

"Mafundi hawa hawafagii," akasema Fatu, mke wa Tamimu, akilipuliza.

Mwanawetu aliinua macho. Boriti zilikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano. Akala. Pilau ilikuwa tamu, na hakuona aibu kuifurahia.

Kisha Fatu akawatembeza. Chumba cha kwanza ni chake na mumewe. Cha pili, kitanda kipya cha Bi Maryam, mama yake Tamimu, ambaye ndiye peke yake katika ukoo ule aliyevuka maji kuja kumwosha mikono Mwanawetu siku ya arobaini ya Kondo.

Mwanawetu akamsubiri Fatu atoke.

"Bibi, usilale humu. Kalale banda la uani, na wajukuu, na Fatu ukimweza. Leo hii."

Kizee kikamtazama, kikatazama juu, kikamtazama tena.

"Na Tamimu?"

"Chumba chake mwenyewe alikichagua."

Bi Maryam aliondoa mto kitandani. Kisha akaanza kukunja shuka.

"Nikimwambia?"

"Mwambie. Akiuliza kwa nini, mtaje Kondo. Akiwahi kutoka, basi aibomoe kwa mikono yake, Kibiti nzima ikitazama."

Akamsaidia kizee kubeba godoro.