Sato wa Bwawa la Mpitimbi

Nilihamishiwa Songea kufundisha nikitokea Mwanza, na katika vyakula vya kwetu nilichokikosa kuliko vyote ni sato. Kwa hiyo Jumapili moja mama mwenye nyumba wangu aliporudi kanisani akaniambia kwamba Jumamosi watu wa kwao Mpitimbi wanakwenda kumtoa sato bwawani, nikajua ni karamu.

"Si karamu, mwalimu," akasema. "Tunamfukuza. Anawamaliza magege, samaki wetu wa asili."

Sikuelewa. Kwetu sato anatafutwa, hafukuzwi.

Jumamosi nilipofika naye bwawani, watu walikuwa wamejaa ukingoni na ndoo zao. Bwana samaki wa wilaya, kijana mwenye buti za mpira, alipanda juu ya tuta akainua samaki wawili wanaofanana kama ndugu.

"Mwenye mistari ya kusimama mkiani ni sato, mgeni. Ndooni. Asiye na mistari ni magege, mwenyeji. Arudi majini."

Watu wakapiga makofi. Nikakunja suruali, tukashika kamba za wavu na kuuvuta. Maji yalikuwa ya baridi na tope lilinimeza mpaka magotini.

Samaki wa kwanza kumshika alikuwa na mistari, lakini iliishia nusu ya mkia. Mama akasema ni magege. Mwanamume aliyekuwa kando yetu akasema sato kabisa. Nikampelekea bwana samaki, naye akamgeuzageuza juani.

"Chotara huyu. Wamezaana."

"Sasa nimweke wapi?"

"Ndooni." Kisha akanishika mkono. "Hapana, subiri. Ngoja nimpigie mkubwa wangu."

Mtandao haukushika. Akapanda kilimani kuutafuta, nami nikabaki na samaki wangu kwenye beseni la maji, nisijue nimwokoe au nimuue.

Karibu yangu alikaa mzee mmoja aliyekuwa akiangalia tu. Nikamwamkia.

"Marahaba. Unajua nani alimleta sato humu? Sisi wenyewe. Alikuja bwana samaki mwingine, zamani, na mapipa ya vifaranga. Akasema magege ni wadogo, hawana faida. Tukamchezea ngoma yetu ya lizombe siku nzima. Nilipiga makofi siku ile, na leo nimepiga tena."

"Sasa mkweli ni yupi, mzee?"

"Mwalimu ni wewe. Mimi ndiye ninayeuliza."

Nilitazama bwawani: kila mtu sasa alikuwa akiamua lake. Huyu anatia ndooni, yule anarudisha, na samaki waliorudishwa upande mmoja wakanaswa upande wa pili. Bwana samaki aliposhuka na kutangaza kuwa machotara wote watolewe, wengi walikuwa wamekwisha kuwaachia. Wangu nikamtia ndooni.

Jioni mama alikaanga samaki, tukala kwa ugali. Nilikula taratibu, nikiitafuta ladha ya nyumbani. Kwenye tonge la kwanza niliipata, kwenye la pili ikanipotea.

"Huyu ni yupi, mama?"

"Kula, mwalimu. Akishafika kwenye mafuta hana kabila."

Jumatatu, ofisini, mwalimu mwenzangu aliniuliza kama tumewamaliza. Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua sijui ananiuliza juu ya samaki gani.