Hodi Isiyo na Uso

Majuzi nilipigiwa simu kutoka Kibondo kwamba mwalimu yule mrefu wa hesabu, aliyeletwa mkoani kwetu na ajira kutoka Mtwara akasahau kurudi kwao, amefariki. Nilikaa kitini hadi chai ikapoa. Wasomaji wangu mnajua kukaa kitini ndiyo kazi ninayoiweza, na safari zangu ndefu huishia jikoni. Lakini safari hii nilikaa nikiitazama kompyuta yetu ya mezani, maana bila marehemu leo ingekuwa inatagiwa mayai na kuku.

Mnakumbuka kompyuta zilivyoanza kuingia majumbani hapa Kasulu? Tulizishonea vitambaa vya maua kama redio. Yetu ikaugua matangazo. Ukifungua picha, linaruka tangazo la dawa ya kitambi. Ukilifunga, yanakuja mawili ya kubeti. Na humo ndimo zilimokuwa picha pekee za marehemu mama, anacheka shambani Heru Juu, jembe begani. Kila nikijaribu kuzihamishia kwenye flash, mashine inaganda. Fundi wa mjini akasema dawa ni kupiga window upya, kila kitu kifutike. "Na picha za mama?" "Si utampiga nyingine, mzee." Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba wa kupigwa picha amelala chini ya migomba. Nikaibeba mashine yangu nikarudi nayo nyumbani.

Mwalimu, enzi hizo akifundisha hapahapa Kasulu, akaja. Akang'oa programu zilizojipachika, akasafisha kivinjari, kukatulia. Kabla hatujazihamisha picha, umeme ukakatika. Uliporudi, matangazo nayo yalikuwa yamerudi. Akaja tena, yakarudi tena. Mara ya tatu hakugusa kitu. Alivuta stuli, akaomba kahawa, akamwambia mke wangu, "Shemeji, itumie kama kawaida. Mimi sipo." Mke wangu akafungua ukurasa wa mapishi. Kikachomoza kisanduku: tovuti fulani inaomba kukutumia taarifa, Ruhusu au Zuia. Akabofya Ruhusu bila hata kupepesa.

"Shemeji, unamjua huyo?"

"Simjui. Lakini si ameomba?"

"Na akiomba mwingine?"

"Mwalimu, mtu abishe hodi kwangu nimwambie zuia? Mimi nimelelewa."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. "Nyie Waha mtamkaribisha hata mwizi, tena mmuulize kwanza habari za nyumbani."

"Na wewe tulikukaribisha hivyohivyo," mke wangu akamjibu.

Mwalimu aliwazuia mmojammoja waombaji wote tuliokuwa tumewaruhusu, maana ndio waliokuwa wakiyarudisha matangazo, na jioni ile picha za mama zikahamia kwenye flash zikiwa nzima. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu simu ile. Zamani hodi ilikuwa na mwenyewe. Ulisikia "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, uani ukaijua sauti, ukajua na anachokitaka. Siku hizi inabisha kwenye kioo, kwenye simu, ina adabu kuliko jirani, na haina uso. Sisi tukaiitikia kwa malezi yaleyale, halafu tukalaumu mashine.

Nilikwenda kumzika, mimi mtu wa kitini, hadi Kibondo. Nilichorudi nacho ni hiki: ukarimu si kumwitikia kila anayeomba, ni kumjua anayebisha, ndipo umpe stuli. Jana kisanduku kimechomoza tena. Mke wangu amekiuliza kwa sauti, "Wewe nani?", akakizuia. Kisha akaenda kuufungua mlango wa mbele, akauacha wazi hadi jioni.