Neno la Herufi Nne
Kila tukienda Hombolo kwa mama mkwe, wifi yangu hununua gazeti kwa ajili ya chemshabongo ya ukurasa wa nyuma. Macho ya mama mkwe hayasomi tena, na Kiswahili alijifunza ukubwani baada ya Kigogo, lakini sijaona anayefurahia maneno kama yeye. Wifi husoma kidokezo, sisi tunakisia, mama anabisha. Neno moja likibeba maana mbili tatu, hucheka mpaka ashike mbavu.

"Kaa la moto nalijua," alisema siku moja. "Kaa chini nalijua. Huyo kaa wa baharini mnanidanganya."

Tulikuwa barazani tukichambua zabibu za shambani kwake. Wifi akasoma: "Bakuli la shaba la kunawia mikono. Pia, namba inayogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Herufi nne."

Akainua macho. "Haya mwalimu, hili lako."

Ninafundisha hisabati sekondari, mjini Dodoma. Namba tasa nazifundisha kila mwaka, naliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, na sijawahi kusita. Lakini pale nilikuwa mbele ya mama wa mume wangu. Nimeolewa siku nyingi, kiasi kwamba hata waliokuwa wakiniuliza habari za mtoto wameacha kuuliza.

"Silijui," nikasema.

"Hulijui?" Mama mkwe alicheka. "Sasa huko shuleni unawafundisha nini?"

Nikacheka naye, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wifi alikuwa ameshainamia vijisanduku. Herufi mbili alikuwa amezipata kutoka maneno mengine. "Ta... sa," alisoma, na hapohapo akafunga mdomo. Kalamu ikabaki hewani.

"Nini?" mama akauliza.

"Bakuli, mama. La zamani."

Nilibeba beseni la zabibu nikaenda kuziosha, ingawa zilikuwa za kuuza na hazioshwi. Nyuma yangu nilimsikia mama akimwambia jirani aliyekuwa akipita: "Mkwe wangu mwalimu, lakini hesabu zimemshinda." Sikumsahihisha. Afadhali aibu hiyo kuliko ile nyingine.

Tulipokwenda tena, wifi alikuja na gazeti lisilo na ukurasa wa nyuma.

"Chemshabongo iko wapi?" mama akauliza.

"Leo haikutoka."

Niliona mahali ukurasa ulipochanwa. Hapo niliona aibu kuliko siku ile: mtu mzima nafichwa neno kama mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake, na mama wa watu ananyimwa furaha yake kwa sababu yangu.

"Wifi, ilete," nikasema. "Na lile neno la siku ile ni tasa. Nililijua tangu mwanzo."

"Najua ulilijua," alijibu taratibu, bila kunitazama, akafungua mkoba.

Mama mkwe alinielekezea macho yake yale yasiyoona vizuri, nami sikujua niweke wapi mikono. Kisha akasogeza kigoda chake mpaka kikagusana na changu.

"Soma," alimwambia bintiye. "Jua linakwenda."

Wifi akasoma kidokezo cha kwanza. Nilijibu mimi, na nilikosea.