Tela Lenye Mlango Mmoja

Kwenye ule uwanja wa magari kule Bukoba yalikuwapo matela mawili ya kulala. Moja lilikuwa jeupe, lina sinki, jiko la gesi, meza ya kukunja na vitanda vitatu ndani ya chumba kimoja. La pili lilikuwa limebonyea ubavuni, rangi imebabuka, halina jiko wala sinki, ila lilikuwa na ukuta katikati na milango miwili. Mume wangu alilitazama hilo la pili kama mtu anavyotazama mbuzi mwenye upele, akacheka.

"Kizuri chajiuza," akasema, na tayari alikuwa ameketi kwenye meza ya kukunja.

Tulitafuta tela kwa ajili ya baba yake. Ujanani mzee alichunga ng'ombe kwenye mbuga za Kyerwa, upande wa mto Kagera, na tangu alipohamia kwetu Nyakakika alikuwa akiomba jambo moja tu: apelekwe alale huko, aamke aione ile mbuga kabla umande haujakauka. Presha ya macho ilikuwa imeshaanza kumla nuru. Mgongo wake haukuruhusu kulala chini kwenye hema, na nyumba ya wageni huko hakuna.

"Na Tata atalala wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Si hicho kitanda cha tatu."

"Chumba kimoja na mimi?"

"Tutatundika pazia. Hii ni safari, mke wangu, si kikao cha ukoo."

Kwetu mkwe haoni kitanda cha mkwe wake. Tangu niolewe, mzee akipita kijiani mimi husogea pembeni. Chakula chake napika mimi, anapelekewa na mwanawe, na neno lake kwangu hupitia kwa mwanawe. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mume wangu aliyajua hayo kuliko mimi, ila aliona ni mambo ya nyumbani, kana kwamba kitu chenye magurudumu hakihesabiwi nyumba. Ningeng'ang'ania, lakini lile sinki lilikuwa limeshaniteka. Hadi leo maji yake hayapandi.

Tulipolifikisha nyumbani mzee alilizunguka akilipapasa, kisha akachungulia mlangoni. Akaona kitanda chetu na shuka langu jipya, na hatua moja tu kutoka hapo kitanda chake, katikati pazia la maua. Akarudisha kichwa nje haraka.

"Ni zuri sana," akamwambia mwanawe. "Nendeni ninyi. Mimi nabaki na ng'ombe, nitakwenda msimu mwingine."

Ng'ombe walikuwa na mchungaji wao. Nasi tukaenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba tulikwenda. Tukapita Kaisho, tukaegesha juu ya mbuga, tukachemsha chai, mume wangu akapiga picha. Tuliporudi alimwonyesha mzee kwenye simu. Mzee akaisogeza simu karibu na pua, akasema ameona.

Mvua zilipokwisha mume wangu alinunua hema. Sisi wawili tulale kwenye hema, mzee apate tela peke yake. Jambo rahisi namna hiyo, na hakuna aliyeliwaza mapema. Safari hii mzee hakusita, alivaa koti lake la kanisani akapanda gari na fimbo yake. Lakini macho yalikuwa yamekwisha. Alichobakiza ni kutofautisha mchana na usiku.

Asubuhi mume wangu aliteremka bondeni kuchota maji. Mzee akatoka kwenye tela, akasimama akielekea upande aliodhani una mto. Mimi nilikuwa nachochea moto, nikasogea pembeni kama kawaida yangu.

"Mwanangu, uko hapo?"

Hakuwahi kuniita mwenyewe.

"Nipo, Tata."

"Niambie unachokiona."

Nikamwambia nyasi zimelowa, ukungu umelala juu ya mafunjo ya mto, na ng'ombe wenye pembe ndefu wanateremka kwenda kunywa. Akaniuliza rangi zao. Kila rangi niliyotaja aliipa jina lake la Kinyambo, taratibu. Nikisema huyu mwekundu wa kuiva, yeye anasema bihogo, na kutikisa kichwa. Nilipofika kwa wa mwisho nikanyamaza.

"Endelea," akasema.

Ng'ombe wote walikuwa wameshazama kwenye ukungu, bonde limebaki tupu. Nikaendelea kumtajia rangi.