Nzuri, Ila

Niseme mapema ili mtu asije akanidai ushujaa: mimi ni mwoga. Watu wakisikia kwamba napokea simu za dharura katika ofisi ya ulinzi ya chuo kikuu, hapa Johannesburg, wanadhani nina moyo wa chuma. Sina. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa lifti, na zaidi ya vyote naogopa ile taa ndogo nyekundu inayowaka mezani kwangu simu ya dharura inapoingia. Nimeiona ikiwaka kwa miaka sita, na bado sijaizoea.

Ukiitazama kwa nje, kazi yenyewe ni ya kukaa. Chumba, ambacho askari hukiita kontroo, hakina dirisha. Kuna simu, redio ya kuongea na askari walio kwenye doria, kitabu cha matukio, na ukuta mzima wa skrini zinazoonyesha mageti, ngazi na maegesho ya magari. Sehemu kubwa ya siku ni mambo ya kawaida: nyuki wameingia bwenini, mwanafunzi kanyang'anywa simu pale kwenye roboti, yaani taa za barabarani kama zinavyoitwa hapa, mwingine kajifungia chooni na kitasa kimebaki mkononi mwake. Lakini hujui simu ipi ni ndogo na ipi ni kubwa mpaka upokee.

Mkuu wangu wa zamu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alinifundisha kanuni moja siku ya kwanza na akairudia mpaka nikaiota. Uliza kwanza uko wapi, kisha kuna nini. Basi. Simu ikikatika kabla hujajua mtu yuko wapi, umempoteza. Kwa Kiingereza sikuwahi kuivunja kanuni hiyo. Mtu alikuwa hajamaliza kusema halo, mimi nimeshamuuliza jengo na ghorofa.

Shida ilikuwa Kiswahili. Chuoni pale wafagiaji, wapishi na walinzi wengi wanatoka Kongo na Burundi, wachache Tanzania kama mimi, na habari zilienea kwamba kuna dada yetu kwenye simu. Wakawa wanapiga wakiniomba mimi. Mlinzi mmoja Mkongomani alikuwa akianza hivi: "Bonjour mama, habari ya kazi? Na watoto? Aksanti. Kuko mutu moya hapa ku mulango, anakatala kutoka." Mtu kakataa kutoka, pengine ana kisu, na sisi bado tuko kwenye watoto.

Na mimi nilijibu. Niliuliza habari, nikaambiwa nzuri, nikaulizwa, nikasema nzuri. Kumwuliza mtu uko wapi kabla ya kumsalimia, kwa lugha niliyonyonya kwa mama yangu kule Kigoma, nilishindwa kabisa. Ningejiona nimemtemea mate. Tena nilipenda. Kutwa nzima nilikuwa sauti ya ofisi, na kwa hizo salamu chache nilikuwa mtoto wa watu. Mama mwenyewe nilikuwa nampigia kila Jumapili, namwamkia, namwuliza habari, anasema nzuri, nami roho inatulia, namwambia tutaongea tena, nakata.

Kati ya waliokuwa wakinipigia alikuwemo dada mmoja Mrundi, mfagiaji wa maktaba, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, anayeongea Kiswahili kizuri kuliko changu na haoni aibu kunikumbusha. Alikuwa akipiga jioni kabla ya kutoka, kuuliza kama nje ya geti kumetulia na kama taksi, yaani daladala za huku, za kwenda mjini zipo. Tulikuwa tunataniana kidogo. Aliniita polisi wa salamu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua. Mchana kutwa jua lilichoma, kisha yapata saa tisa alasiri mbingu ikawa nyeusi na mvua ya mawe ikaanza kupiga paa kwa kelele hata sikuweza kujisikia nikizungumza. Radi ikapiga mahali karibu. Umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikarudisha simu na redio, lakini skrini zote zikabaki nyeusi. Nikajikuta nina chuo kizima sikioni na hakuna ninachokiona.

Simu zikaingia kwa pamoja. Mti umeangukia gari. King'ora cha maabara kinalia. Mwanafunzi mwenye pumu amekwama kwenye lifti na mwenzake anapiga kelele kwamba hapumui vizuri. Mkuu alikuwa amekimbilia kwenye jenereta na mwenzangu wa zamu alikuwa amekwama njiani. Nilikuwa peke yangu, nikiandika kwenye kitabu maandishi ambayo baadaye mwenyewe sikuweza kuyasoma.

Katikati ya hayo nikasikia sauti ninayoijua.

"Dada, ni mimi wa maktaba. Habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Za huko?"

"Nzuri…"

Nikashusha pumzi. Nzuri. Anataka kujua habari za taksi, nikajisemea, mvua yote hii. Nikasema, "Subiri kidogo, dada," nikabonyeza kitufe cha kusubirisha, nikarudi kwa yule wa pumu. Anayesubiri kwenye simu zetu huwekewa muziki wa kinanda, taratibu, kama ule wa kwenye ofisi za madaktari.

Nilimwacha na kile kinanda dakika nne. Wa pumu akafunguliwa, akatoka akitembea. Nikafurahi kweli, nikajiona mtu wa maana, nikarudi kwa dada yangu kwa sauti ya utani.

"Haya, niambie, mwenye Kiswahili chake."

Nilisikia maji kabla ya kumsikia yeye. Yalikuwa maji mengi, yanagonga kitu cha bati.

"Dada," akasema, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Maji yamefika magotini. Mlango hausukumiki."

Hapo ndipo nikauliza uko wapi. Alikuwa chini kabisa ya maktaba, kwenye stoo ya ndoo na karatasi za chooni. Nje ya mlango kuna korido, na korido inaishia kwenye mteremko wa magari ya mizigo. Maji ya barabara nzima yalikuwa yameshuka kwenye ule mteremko na kujaa koridoni. Mlango unafungukia nje, na maji yalikuwa yameuegemea. Mengine yalipita chini yake na mengine yalipanda kwenye tundu la sakafuni. Simu ya mkononi huko chini haishiki. Alikuwa ameshika simu ya ukutani, yenye waya mfupi.

Niliita kwenye redio. Akajibu mzee mmoja wa doria, Mzulu, tuliyemwita baba sote. Alikuwa upande wa pili wa chuo na gari lisingepita, barabara ilikuwa mto. Nikamwambia kuna mtu anazama. Neno hilo nililitamka kwa Kiingereza. Akasema, "Eish, dada. Nakuja kwa miguu." Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Wanakuja," nikamwambia. "Kuna dirisha?"

"Kuna tundu la hewa juu, lina nondo. Naona miguu ya mvua tu." Kisha akasema, "Yamefika kwenye mapaja."

Nilijua la kumwambia na niliogopa kulisema. Stoo ina rafu za chuma. Akipanda juu, karibu na lile tundu, atapata muda. Lakini waya wa simu haufiki huko.

"Panda kwenye rafu. Simu iache."

"Usiniache, dada."

"Sikuachi. Iache simu ining'inie. Piga kelele kwenye tundu."

"Nikiiacha sitakusikia."

"Panda!" Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mtu hivyo. Sikio langu likagongwa na kishindo cha simu kwenye ukuta, nikamsikia akivuta kitu, akiguna, akimwita Mungu. Halafu nikasikia maji peke yake. Halafu yale maji yakafika kwenye simu, ikakoroma mara moja, na laini ikafa.

Dakika tisa zilizofuata nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Sikukaa kimya katika dakika hizo, na hilo ndilo lililonitesa. Simu ziliendelea. Profesa mmoja alitaka kujua nani atalipia kioo cha gari lake. Nikamjibu kwa adabu zote, huku nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu mpaka vikauma. Kila nilipovuta pumzi nilisikia lile neno: nzuri, nzuri, nzuri. Nilijiambia amekufa. Nilijiambia nimemuua kwa kinanda. Niliomba dua zote nilizozijua na nyingine nilizitunga.

Kisha redio ikakwaruza. "Kontroo," akasema baba, akanyamaza. Sitasahau kunyamaza kule. Nadhani alikuwa anatafuta pumzi tu. "Kontroo, tunaye."

Walikuwa wameng'oa nondo kwa spana ya tairi na kumvuta kwa mikono, yeye na kijana wa bustani. Mabega ya dada yalichubuka vibaya. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, na alikuwa juu ya rafu.

Asubuhi yake mkuu aliniita. Simu zetu zote hurekodiwa. Akaweka kanda ya jana, akavaa miwani, akachukua kalamu, akaniambia nimtafsirie neno kwa neno kwa ajili ya ripoti. Nikaisikia sauti yangu. Habari za kazi. Nzuri, dada. Za huko?

"Hapo amesema nini?"

"Amesema yuko salama."

Akaandika. "Basi huna kosa. Mtu akisema yuko salama, utajuaje?"

Lakini alikuwa mwangalifu, akarudisha nyuma. Tukasikia tena, bila mvua masikioni mwangu safari hii. Nzuri, kisha kitu kidogo, kimekatwa na kitufe changu. "Nzuri, i…"

"Na hiyo mwishoni?"

Mswahili yeyote angejua. Hakuna anayejibu salamu kwa kusema vibaya. Hata mwenye msiba husema nzuri kwanza, kisha anasema ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Habari yenyewe huwa iko baada ya ila, na mimi nililikata likiwa na herufi moja. Ningeweza kumwambia hivyo. Nilifikiria kodi ya chumba changu mtaani Kensington, nikafikiria kibali changu cha kukaa nchini.

"Ni pumzi tu," nikasema. Akaandika.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake kumjulia hali yule dada, na mkate na paketi ya maziwa mkononi. Binti yake akanifungulia, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akamwita mama yake. Dada akaja na shuka begani, anatembea kama mtu aliyepigwa. Nikasahau maneno yote niliyoyapanga njiani.

"Ulisema ila," nikamwambia, hata sijakaa. "Nikakukatia. Na kwa mkuu nimedanganya."

Akacheka, akajishika bega kwa maumivu.

"Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu," akasema. "Nilijiambia, nikimaliza salamu nitamwambia. Mimi mwenyewe! Nimempigia polisi wa salamu, nikapata adabu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ule muziki wenu, dada. Ule muziki ubadilisheni." Alipolisema hilo hakuwa anacheka tena, na mimi nikaanza kulia, na akaniacha nilie mpaka chai ikachemka.

Jumatatu nilirudi kwa mkuu, nikamweleza ile i. Nilipewa onyo la maandishi, na kazi nimebaki nayo. Sasa Mswahili akinipigia namwuliza uko wapi kabla hajapumua. Wamesema nimeanza kuringa. Yule mlinzi Mkongomani aliacha kunisemesha wiki nzima. Waseme.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama Kigoma kama kawaida. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwuliza habari, akasema nzuri. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumuaga. Kisha ile hofu ya siku ile ikanishika nikiwa nimekaa kitandani kwangu, hakuna mvua wala taa nyekundu.

"Mama," nikasema. "Nzuri, ila nini?"

Nikasikia kuku huko kwao, na mtu akipita akisalimia.

"Ila jicho, mwanangu," akasema. "Hili la kushoto halioni tangu masika ya mwaka jana."

"Mwaka jana! Mbona hukuniambia?"

"Naanza kukwambia kila Jumapili," akasema mama. "Wewe ukishasikia nzuri, unakata."